Shati la Fundi Bomba na Vifungo Vyake Vitatu

Katika ukoo wetu watu wenye akili ni wawili. Wa kwanza ndiye anayeandika haya. Wa pili ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, fundi cherehani, na habari hii ni yake. Mkiona humu ndani nimejisifu kupita kiasi mnisamehe, nimejitahidi sana kupunguza.

Mtaani wanamwita Vifungo, na jina hilo alilipata kazini. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: cherehani mbili, moja ya kukanyaga kwa mguu na moja ya umeme, meza ya kukatia ambayo zamani ilikuwa mlango, na rafu ya makopo ya vifungo yaliyopangwa kwa rangi. Akishona yeye kifungo, hakitoki. Uzi anaupitisha msalaba kwenye matundu manne, anauzungusha shingoni mwa kifungo mara tatu, halafu fundo analificha kwa ndani. Nina shati alilonishonea ambalo sasa mke wangu analidekia sakafu. Kitambaa kimekwisha kabisa, vifungo bado vinang'aa kama meno ya mwanasiasa.

Mume wake ni fundi bomba, na watu humwita Bomba tu. Mtu mrefu, mcheshi, vidole kama spana. Nyumba waliijenga wote wawili. Yeye alichimba na kulaza mabomba, mpwa wangu alishona sare za shule mbili nzima mpaka paa likapanda. Hilo mliweke kichwani, tutalihitaji.

Basi, mwaka ule mabomba ya upande wa pili wa mji yakaanza kupasuka kila Alhamisi. Mimi nimeishi miaka mingi, sijapata kuona bomba lenye kalenda. Siku moja nikamuuliza mbele ya watu, "Mkwe, hayo mabomba yako Jumatano yanakuwaje?"

"Presha, Mjomba," akajibu bila kupepesa macho. "Presha ya maji huko inapanda Alhamisi."

Presha ya maji siijui, lakini presha ya wanaume naijua vizuri.

Alhamisi akienda, Ijumaa asubuhi anarudi, ameshiba, hataki chai. Pesa ya matumizi nyumbani ikawa ya kukumbushwa, baadaye ikawa ya kugombania, mwisho ikawa hadithi. Binti yao wa darasa la tano alivaa viatu vilivyofumuka mpaka mama yake akavishona kwa uzi wa turubai. Vifungo alinyamaza. Mwanamke huyu anaweza kunyamaza wiki tatu huku midomo imebana pini.

Halafu asubuhi moja akanipigia simu. "Mjomba, njoo."

"Kuna msiba?"

"Kuna shati."

Nikaenda mbio, kwa sababu mimi ndiye mwanasheria wa ukoo. Shahada sina, na darasa la saba niliishia katikati, lakini nilikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na sita. Mafaili ya ndoa zilizokufa yamepita kwapani mwangu mengi kuliko mikate niliyokula. Mtu akibeba samaki kila siku lazima anuke samaki, na mimi nanuka sheria.

Nikamkuta amelitandaza shati jeupe la mumewe juu ya meza, kama daktari na mgonjwa wake. "Hesabu vifungo," akaniambia.

"Saba."

"Sasa angalia uzi."

Vinne vya chini vilikuwa na msalaba wake. Vitatu vya juu vilishonwa kwa mistari miwili iliyolala sambamba, kwa uzi wa bluu, na fundo limetoka nje linachungulia.

"Huu si mkono wangu, Mjomba. Na mimi kifungo changu hakitoki kwa mtu kuinama chini ya sinki. Hivi vimevutwa. Vitatu kwa mpigo, tena vya juu."

Mimi ni mtu mzima, nikakohoa, nikatazama dari.

"Ni mwanamke wa geti la njano, kule upande wa pili wa mji," akasema kwa upole uliotisha. "Mteja wangu mmoja anakaa jirani naye. Amemwona Bomba anatoka pale na taulo shingoni. Hajawahi kumwona na spana."

"Sasa unataka nini, mama?" nikamuuliza. "Mjomba wako yupo. Tumfunge jela? Tumfumanie? Tuwaite na wapiga picha?"

Akaweka kiganja juu ya ile cherehani ya kukanyaga. "Nataka chumba hiki. Mtoto wangu na chumba hiki. Mengine ayachukue. Nimeanza kazi hapa ukuta haujapigwa plasta. Nikipoteza wateja wa hapa, mimi si fundi tena, ni mwanamke mwenye sindano tu."

Hapo ndipo nilipotoa ushauri, na nitauandika ulivyokuwa, maana nimeahidi kusema kweli. Nilimwambia hivi: "Hama! Hama leo hii hii. Msuse. Mwanaume akirudi akakuta nyumba tupu atapiga magoti mpaka suruali ichanike. Vyombo tunapeleka kwangu, mambo ya mahakama niachie mimi."

Nikaenda kutafuta mkokoteni. Nilirudi nao, na mwenye mkokoteni alikuwa jamaa mkorofi anayetaka tupakie haraka. Tukaipakia meza ya kukatia, tukapakia makopo ya vifungo. Nikaishika cherehani upande mmoja, jamaa upande wa pili.

"Acheni," akasema Vifungo.

Chini ya sindano ya cherehani kulikuwa na gauni la bibi harusi, pindo limeshonwa nusu. Kumbe mpwa wangu ana mwiko wake wa kazi, na mimi nilikuwa siujui: cherehani haisogezwi ikiwa na kitambaa chini ya sindano. Anasema kitambaa kinavutika, mshono unakumbuka, na hata ukirudia haunyooki tena.

"Toa kitambaa basi," nikasema.

"Sitoi. Pindo la gauni hili ni mita sita. Namaliza kwanza."

"Mpwa wangu, ndoa inaungua wewe unapiga pindo?"

"Bibi harusi hana kosa, Mjomba. Ndoa yake ndiyo kwanza inaanza."

Akaketi, akaanza kukanyaga. Jamaa wa mkokoteni akalala juu ya meza iliyopakiwa, akafunika uso kwa kofia. Mimi nikakaa kizingitini nimenuna. Pindo lilichukua mpaka adhuhuri, na kabla hajamaliza bibi harusi mwenyewe akaja kulijaribu gauni. Akatukuta na mkokoteni mlangoni, akauliza kulikoni, akaambiwa. Akashika kiuno. Bibi harusi yule, nilikuwa sijui, alikuwa karani katika ofisi ya msaada wa kisheria.

"Fundi, unahama umeambiwa na nani?" akauliza.

"Mjomba ndiye aliyeniambia."

"Mjomba ni wakili?"

Wote wakanitazama. Nikasema ninanuka sheria. Bibi harusi akasema yeye hasikii harufu yoyote, na kesho yake saa mbili twende ofisini kwao, ni bure. Mizigo tukaishusha. Jamaa alidai alipwe hata kwa usingizi.

Ofisi yenyewe iko ghorofani juu ya duka la vipuri vya baiskeli, viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kujivuta. Wakili alikuwa binti mwenye miwani, umri wa mjukuu wangu. Nikamwamkia kwa sauti ya mtu wa mahakamani ili ajue anaongea na nani.

"Mzee wangu," akasema baada ya kusikiliza yote, "angehama jana, leo ungekuwa umemharibia."

"Kivipi, binti?"

"Mumewe angekwenda kusema: mke wangu kanitelekeza, alihama mwenyewe na mkokoteni, mashahidi wapo. Kesi ya mume kukosa uaminifu ingegeuka kuwa kesi ya mke aliyekimbia nyumba. Angeweza kujitetea, ndiyo, lakini angeanza akiwa nyuma. Na chumba chake cha kazi angekuwa anakidai kutoka nje."

Vifungo hakunitazama. Alifanya vibaya zaidi: alinipigapiga goti, kama mtu anavyombembeleza mtoto aliyemwaga uji.

"Na jela je?" nikauliza. "Kwa zinaa?"

"Kwa sheria ya hapa kwetu hilo ni suala la madai, si la jela."

"Na kumfumania na wapiga picha?"

"Mkivunja mlango wa mtu mtashtakiwa nyinyi, na picha mtazitazamia mahabusu."

Nikaamua kukaa kimya, jambo ambalo watu wangu wa nyumbani mpaka leo hawaamini kwamba lilitokea.

Wakili akamgeukia mpwa wangu. Akamweleza taratibu kwamba njia anazo, tena zaidi ya moja. Aanzie baraza la usuluhishi, ndiko ndoa zote zenye mgogoro zinakopita kwanza. Pale anaweza kusamehe kwa masharti yaliyoandikwa. Anaweza kuomba watengane bila kuvunja ndoa, na mume aendelee kutoa matunzo ya mtoto. Baraza likishindwa litatoa hati, na hati hiyo ndiyo tiketi ya kwenda mahakamani kuomba talaka na mgawo wa mali walizochuma pamoja, nyumba ikiwemo. Hata yule wa geti la njano anaweza kudaiwa fidia, ila ushahidi uwe wa nguvu.

"Kifungo ni ushahidi?" Vifungo akauliza.

"Kifungo peke yake hakithibitishi uzinzi, fundi. Lakini kinafungua maswali. Jirani akija kusema alichokiona, hiyo ni nyongeza. Na kuna jambo halihitaji kifungo kabisa: kulala nje kila wiki na kukata matumizi ya nyumbani. Hapo wajibu wa ndoa ameuvunja." Kisha akavua miwani. "Tangu ulione lile shati, umemwambia yameisha?"

"Sijamwambia kitu."

"Vizuri. Ukisema umesamehe mkaendelea kama zamani, msamaha nao unahesabika mahakamani, na kosa hilo hutalidai tena kirahisi. Usiutoe kwa kuchoka. Utoe ukiwa umeamua."

Maneno hayo Vifungo aliyarudia njiani kote.

Siku ya baraza tulifika mapema. Ni chumba kimoja chenye meza ndefu na madirisha yasiyofunga. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja ambaye ukimtazama unajikuta umechomekea shati. Kulia kwake fundi viatu wa mtaani. Kushoto, mzee wa duka la mbao ambaye alisinzia kabla hatujaketi. Jirani wa geti la njano aliahidi kuja kutoa ushahidi, akaumwa tumbo asubuhi hiyo hiyo. Mambo ya majirani mnayajua.

Bomba akaja amenyoa, amejipulizia, meno nje. Wakamsomea malalamiko.

"Mama Mwenyekiti, mimi ni fundi," akasema. "Kazi yangu haina saa. Maji yakimwagika nyumbani kwa mtu nimwambie asubiri kesho? Huyu mke wangu ana wivu tu. Matumizi yamepungua kwa sababu kazi imepungua. Ushahidi wake uko wapi?"

Vifungo akasimama, akalitandaza shati mezani. Fundi viatu akavaa miwani, akainama, akageuza kola.

"Mikono miwili hii," akasema. "Wa chini umefundishwa, wa juu umebahatisha."

"Nani kashona hivi vya juu?" Mwenyekiti akauliza.

"Mimi," akasema Bomba. Alijibu haraka mno, ndipo alipoponzeka. "Nilishona mwenyewe. Vilitoka nikiwa kazini, nikaomba uzi, nikashona. Kwani mwanaume hawezi kushona kifungo?"

"Anaweza," akasema Mwenyekiti. "Nimefundisha wavulana miaka thelathini na walishona. Fundi, una sindano?"

Kumuuliza mpwa wangu kama ana sindano ni sawa na kumuuliza samaki kama ana maji. Akachomoa moja kwenye kola yake, na uzi wa bluu. Mwenyekiti akakata kifungo kimoja kwa wembe, akakisukuma mezani kwa kidole. "Karibu baba. Tushonee."

Ndugu zangu, nimehudhuria kesi nyingi, lakini sijaona mtuhumiwa akiteseka namna ile bila kuguswa. Bomba akaulamba uzi. Akalifumbia jicho moja tundu la sindano, akakosa. Akaulamba tena. Vidole vile vya spana vikaishika sindano kama vinafungua nati, ikamponyoka, ikaanguka, ikatafutwa chini ya meza. Jasho likaanza kumtoka sikioni. Akajaribu kuingiza sindano kwenye uzi badala ya uzi kwenye sindano. Akajichoma kidole gumba, akasema neno ambalo Mwenyekiti aliagiza lisiandikwe.

Mzee wa mbao akazinduka. "Bado hajaingiza?" akauliza.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bomba akaiweka sindano chini.

"Nani alishona vifungo hivi?" Mwenyekiti akarudia swali kwa sauti ile ile.

Bomba akalisukuma shati pembeni. "Vilishonwa geti la njano," akasema.

Mimi bado nilikuwa natabasamu, nikamgeukia mpwa wangu tushangilie. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mama Mwenyekiti, sikuja kumcheka," akasema. "Mimi nilimshonea mtu huyu suti ya harusi yetu usiku na mchana, na nilikuwa bado sijui kushona suti. Nilifumua mkono wa kushoto mara nne. Ninachoomba ni kiandikwe kitu kimoja. Iandikwe kwamba mimi sikuondoka. Nipo nyumbani kwangu, kwenye cherehani yangu. Aliyeondoka ni yeye, kidogo kidogo, kila Alhamisi."

Karani akaandika. Nilisikia kalamu.

Bomba akashuka kitini, akapiga magoti, akaanza, "Mke wangu, nisamehe, shetani..."

"Shetani hajui kushona," akasema fundi viatu.

Mwenyekiti akamuuliza Vifungo anachagua nini. Angeweza kusamehe pale pale, na watu wangepiga makofi, na chai ingepikwa. Nilimwona anafikiri. Kisha akasema, "Sijaamua kusamehe, kwa hiyo sitasema nimesamehe. Naomba tutengane miezi sita. Yeye ahame. Matunzo ya mtoto yapitie hapa barazani. Nikiamua, nitarudi hapa barazani mwenyewe."

Bomba akatia sahihi kwa kidole gumba chenye damu kidogo. Jumamosi akahamisha masanduku yake na spana zake, na kwa kejeli ya ulimwengu aliyemhamisha alikuwa jamaa yule yule wa mkokoteni. Alipofika geti la njano alikuta bibi anapokea wageni wa Alhamisi tu, wa kudumu hapokei. Akapanga chumba karibu na stendi.

Katika miezi ile alipita karakana mara kwa mara. Matunzo aliyaleta barazani bila kukosa, hilo lazima niliseme. Siku moja akaja na shati lisilo na kifungo, akasimama mlangoni, amekonda.

"Fundi, naomba unisaidie."

"Foleni inaanzia kule," akasema Vifungo. Kulikuwa na wateja watano. Bomba akaenda nyuma kabisa, akasubiri. Zamu yake ilipofika, mpwa wangu akampa sindano, uzi na kiti. Akamwonyesha mara moja: msalaba, shingo mara tatu, fundo ndani. "Sasa fanya mwenyewe."

Akafanya. Kilikaa upande, lakini kilikaa. Nilikuwepo, na nilifikiri, hawa wanarudiana. Hata nilianza kutayarisha hotuba.

Miezi sita ilipotimia Vifungo akafunga karakana kwa saa mbili tu, akaenda barazani peke yake, akaomba ile hati. Kutoka hapo akaenda mahakamani, na yule binti wa miwani kando yake. Bomba hakupinga. Talaka ikatoka. Chumba cha mbele na cha pili yake vikawa vya mpwa wangu na mtoto, Bomba akapewa vya uani pamoja na mlango wake wa nje. Siku hizi akikatikiwa na kifungo anashona mwenyewe, na mabomba ya karakana yakivuja anakuja kuyatengeneza, siku yoyote isipokuwa Alhamisi. Vifungo amekataa.

Nilimuuliza kwa nini hakumrudia, ilhali alikuwa ameanza kunyooka.

"Kitambaa kilivutwa, Mjomba," akasema, na hakuinua macho kwenye kazi. "Mshono unakumbuka."

Nikataka kujibu kitu cha kisheria. Lakini alikuwa ameshanigeukia, amenishika shati, ananivuta kwenye mwanga wa dirisha. Kila ninapokwenda kwake sasa ananifanyia hivyo, mbele ya wateja, bila haya. Siku ile akakagua cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho, huku bibi harusi wa wakati ule, sasa mama wa mapacha, akisubiri na kucheka.

"Vyote vina msalaba," akatangaza. "Mpe mkeo salamu zangu."